Sura ya Tano: Kampanye Mahali pa Wote

Lweba haina majengo ya ghorofa ambamo kila familia ina mlango wake na ngazi ni ya wote. Ni kijiji cha pwani ya Ziwa Tanganyika, katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, na nyumba zake zimekaa parseli baada ya parseli. Hata hivyo swali linalowagombanisha wakazi wa maghorofa ya Unguja au Toronto kila uchaguzi unapokaribia linawagusa watu wa Lweba na Baraka pia: mahali panapotumiwa na wote, nani ana haki ya kupafanyia siasa?

Mahali pa namna hiyo ni pengi. Kuna mwalo, ambako mitumbwi hushusha ndagala alfajiri na wanawake husubiri na mabeseni yao. Kuna soko, bomba la maji, kituo cha afya, uwanja wa shule, nyumba za ibada na barabara ya pwani. Wakati wa kampanye kila mgombea anapatamani, kwa sababu ndipo watu walipo. Hana haja ya kuwaita, maana wamekwisha kukusanyika kwa shida zao.

Hapo ndipo penye kiini cha sura hii. Kuna mahali mtu anapokwenda kwa kupenda, na kuna mahali anapokwenda kwa kukosa budi. Anayekwenda kwenye mkutano wa hadhara amechagua kwenda, na akichoka na hotuba ataondoka. Mama aliyepanga bidoni zake kwenye bomba hawezi kuondoka, maana akiondoka watoto wake watalala bila maji. Mwenye mtoto mwenye homa hawezi kuacha foleni ya kituo cha afya. Mwanafunzi hawezi kutoka darasani. Mahali ambapo mtu hana budi kufika, mwanasiasa hana haki ya kumdai kura, kumvika rangi wala kumwachia deni. Mahali pengine pote, siasa na iwe huru, hata ikipiga kelele.

Siku thelathini

Sheria ya uchaguzi ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 9 Machi 2006 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, imeweka mipaka ya wakati. Kampanye haizidi siku 30, na hufungwa saa 24 kabla ya siku ya kura. Mwaka 2023 ilianza tarehe 19 Novemba, watu wakapiga kura tarehe 20 Desemba. Rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo walichaguliwa siku hiyohiyo, ikiwa na maana kwamba ngazi tatu za wagombea ziligombea kuta zilezile na masikio yaleyale kwa wakati mmoja.

Sheria hiyo inaruhusu mikutano ya kampanye nchi nzima, mradi waandaaji waiarifu serikali ya mahali. Inakataza pia kutumia mali, fedha na watumishi wa serikali kwa kampanye. Gari la ofisi, mafuta ya ofisi na mwalimu anayelipwa na dola havipaswi kumbeba mgombea. Katazo hili lina maana kubwa zaidi kuliko linavyosomwa kwa kawaida. Kilichojengwa kwa fedha ya umma ni cha anayempenda mgombea na cha asiyempenda, kwa hiyo hakiwezi kusimama upande mmoja.

Lakini sheria inazungumza na serikali na wagombea, wala haizungumzi na kamati ya bomba. Mabomba mengi ya vijiji vyetu yalijengwa na mashirika ya misaada, yakakabidhiwa kamati za wakazi. Soko lina mkubwa wake. Mwalo una wenye mitumbwi na wavuvi wao. Watu hawa ndio wanaokutana na mgombea kwanza, naye hufika na zawadi mkononi: polo zenye picha yake, vitenge, chumvi, sabuni, pengine noti chache za kugawia vijana. Anaomba jambo linaloonekana dogo, kwamba afishi ikae juu ya bomba na spika iwekwe pembeni ya soko. Mwenye kamati akikataa, ataitwa adui. Akikubali, nusu ya watu wanaoteka maji pale watajua kwamba wametolewa kwenye hesabu.

Tumeona pia mambo yanapofika ikiwa mali ya wote inachukuliwa kuwa ya mtu. Tarehe 5 Januari 2024, CENI, tume ya uchaguzi, ilifuta kura za wagombea 82 kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Miongoni mwa tuhuma ilizozitaja ni kushikilia mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Mashine ya kura ni mahali pa wote kwa maana kamili kuliko zote. Mtu haanzi siku moja tu kuihamishia mashine hiyo nyumbani kwake. Huanza na vitu vidogo ambavyo hakuna aliyemkatalia.

Afishi inasema nini Fizi

Katika nchi yenye amani ya muda mrefu, picha ya mgombea ukutani ni picha tu. Katika Fizi haiwezi kuwa hivyo. Teritwari hii, yenye sekta nne za Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge, ni makao ya Wabembe, Wabuyu, Wazoba, Wafuliiru, Wanyindu, Banyamulenge na wengine. Vita vya tangu mwaka 1996 vimeacha makaburi katika kila jamii. Makobola, upande wa kaskazini wa pwani hii, inakumbukwa kwa mauaji ya siku za mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Juu milimani, vijiji vimechomwa na ng'ombe wamenyang'anywa hadi miaka ya karibuni.

Kwa hiyo wapiga kura wengi wanapotazama afishi wanasoma jina la ukoo na kabila kabla ya jina la chama. Mitualite za makabila, yaani vyama vyao vya kusaidiana, huitisha vikao na kutaja mtoto wao wa kuungwa mkono. Hilo peke yake si kosa, kwani watu wana haki ya kukutana na kushauriana. Kosa linaanza pale picha ya mtoto wa jamii moja inapobandikwa kwenye mlango wa kituo cha afya ambacho kinatibu jamii zote. Mgonjwa wa jamii nyingine haoni tangazo la uchaguzi. Anaona kwamba mlango huo una wenyewe, na wenyewe si wao. Akiwa amekwisha kufukuzwa mahali pengine kwa sababu ya jina lake, hana sababu ya kungoja aambiwe kwa mdomo.

Soko ndilo linalodhurika kwanza. Soko huishi kwa sababu aliyeteremka na maharagwe kutoka mlimani anaamini atauza, atanunua samaki na kurudi salama. Imani hiyo ndiyo iliyorudisha mazungumzo kati ya jamii baada ya vita mara nyingi, kabla hata viongozi hawajatia saini karatasi yoyote. Soko likivaa rangi ya upande mmoja, upande mwingine utatafuta njia ya kutopita pale, na watu waliozoea kuonana kila wiki wataanza kujuana kwa uvumi peke yake.

Tulipokuwa wote wa chama

Wazee wa Fizi hawahitaji kufundishwa maana ya chama kumiliki mahali pa wote, kwa sababu waliishi ndani yake. Rais Mobutu alianzisha chama cha MPR mwaka 1967, na katiba ya mwaka 1974 ikakifanya chama hicho kuwa juu ya kila taasisi ya dola. Kila Mzaire, kama Mkongomani alivyoitwa wakati huo, alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Shuleni na kazini watu waliimba na kucheza nyimbo za kumsifu Mobutu, aliyeitwa Mwongozi, na hiyo ndiyo iliyoitwa animation. Picha yake ilining'inia katika kila ofisi. Salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha barabara na kulima, ilifanywa kwa jina la chama. Mwishoni mwa mwaka 1974 hata shule za makanisa zilitwaliwa na serikali.

Wakati huohuo, juu katika milima ya Fizi, Laurent-Désiré Kabila na waasi wenzake wa PRP, chama kilichoanzishwa mwaka 1967, walitawala eneo walilolipa jina la Hewa Bora kwa karibu miaka 20. Nao walikuwa na nyimbo zao, mafunzo yao ya siasa, mashamba yao ya pamoja na nidhamu yao. Mkulima wa Fizi aliyeteremka kuuza mihogo pwani alitoka katika eneo la chama kimoja akaingia katika eneo la chama kingine. Kote kuwili alitakiwa aonyeshe ni wa nani kabla ya kupita.

Historia hiyo inaeleza kwa nini katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 7, inakataza mtu yeyote kuanzisha chama kimoja kwa namna yoyote, katika nchi nzima au katika sehemu yake. Tendo hilo limeitwa uhaini mkuu usiofutwa na miaka. Tunapolisoma tunawaza marais na mapinduzi. Maneno «sehemu yake» yanatutaka tuwaze karibu zaidi. Soko ambalo mtu hawezi kuuza bila kuvaa polo ya mgombea fulani, hata kama ni kwa siku thelathini, limekwisha kurudishwa katika roho ya chama kimoja.

Funzo la Michenzani

Kuna mji wa Waswahili ambao umeishi na tatizo hili ndani ya maghorofa yenyewe. Majengo ya Michenzani, Unguja, yalianza kujengwa wakati wa Mzee Abeid Amani Karume, kwa mpango wa mji uliochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Ni majengo marefu yaliyolala kandokando ya barabara kuu, familia nyingi zikipanda ngazi moja. Ni hapo Michenzani ilipo Kisonge, maskani ya wafuasi wa chama tawala cha CCM, ambayo ubao wake wa matangazo ulijulikana mji mzima kwa maneno makali dhidi ya wapinzani. Mji Mkongwe nao una Jaws Corner, baraza la kahawa lililojulikana kuwa la wafuasi wa CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo.

Baraza la Kiswahili ni mahali pa kukaa na kuzungumza na yeyote anayepita. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 uliogombaniwa vikali, mgawanyiko wa vyama uliingia hadi ndani ya maisha ya jirani na jirani. Zilisikika habari, hasa Pemba, za watu kususiana madukani na kutozikana. Mauaji ya Januari 2001 yakafuata. Wazanzibari walihitaji maridhiano na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa, ili pande hizo mbili zikae meza moja. Sisemi kwamba ubao wa maskani ndio uliomwaga damu. Ninasema kwamba jamii inapokosa mahali ambapo wapinzani wanalazimika kusalimiana, kila ugomvi wa uchaguzi hukuta njia imekwisha kusafishwa.

Sheria za maghorofa zina wazo moja ambalo Lweba inaweza kulichukua bila kujenga ghorofa hata moja. Tanzania Bara ilitunga sheria ya hatimiliki za sehemu za majengo mwaka 2008, na Zanzibar ikatunga ya kondomini mwaka 2010. Chini ya sheria za aina hii, mwenye fleti anamiliki fleti yake pamoja na fungu katika ngazi, paa na ua. Fungu hilo ni la kweli, ila hawezi kulionyesha kwa kidole na kusema kipande hiki cha ngazi ni changu. Bomba la kijiji liko vivyo hivyo. Kila nyumba ina fungu lake, na kwa sababu hiyohiyo hakuna nyumba inayoweza kulitoa kwa mgombea wake.

Kutoka Nyarugusu hadi mlango wa fleti

Maelfu ya watu wa Fizi wameishi chini ya kanuni nyingine za mahali pa wote. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma ng'ambo ya ziwa, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliovuka maji, wengi wao Wabembe. Upande wetu, kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2015 kwa Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka huo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, katika kifungu chake cha 3, unawataka wakimbizi wasifanye vitendo vya kuichochea nchi yoyote mwanachama, iwe kwa silaha, magazeti au redio. Makambi yanatakiwa yabaki ya kiraia. Sababu yake inaeleweka na kila aliyewahi kupanga foleni ya unga: anayetegemea mgao hawezi kusema hapana kwa anayeshika mgao. Kanuni hiyo ni kali, lakini inatokana na kuelewa udhaifu wa mtu asiye na pengine pa kwenda.

Kutoka Nyarugusu wengine walipelekwa Marekani na Kanada, wakakaa kwa mara ya kwanza katika majengo yenye lifti na korido. Sheria ya uchaguzi ya Kanada inawapa wagombea wa bunge la taifa haki ambayo wenye majengo hawawezi kuizuia. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tatu usiku wanaweza kugonga milango ya fleti na kufanya kampanye katika maeneo ya pamoja ya jengo, isipokuwa pale ambapo afya au usalama wa wakazi unaweza kuhatarishwa. Mpangaji hawezi kukatazwa kuweka bango la mgombea wake kwenye nyumba anayoipanga, wala mwenye fleti kwenye fleti yake. Lakini wenye jengo wanaweza kukataza mabango yasibandikwe katika maeneo ya pamoja.

Tazama jinsi mambo hayo matatu yalivyopangwa. Mtu anaruhusiwa kupita na kusema, kwa saa zinazojulikana, na anayesikiliza anaweza kufunga mlango wake. Kilicho cha mtu kinaruhusiwa kuwa na rangi ya mtu. Kilicho cha wote kinaweza kubaki bila rangi. Sauti inapita, bango linabaki. Mgombea aliyefika kwenye korido ataondoka na korido itarudi kuwa ya wote, ilhali bango lake likibaki litaendelea kumdai kila apitaye, usiku na mchana, mwezi mzima.

Mimbari

Nyumba ya ibada inahitaji neno lake, kwa sababu katika Fizi kanisa ni mahali pa kusali na mara nyingi pia ndilo lenye shule na zahanati. Mgombea anapofika Jumapili na bahasha ya bati za paa, mchungaji anakuwa katika mtihani mgumu: paa linavuja kweli.

Kenya imepambana na mtihani huo hadharani. Mnamo Septemba 2021, huko Butere, siku Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza mwanamke wa kuongoza dayosisi katika Kanisa la Kianglikana nchini humo, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari. Wangekaribishwa kusali kama waumini wengine. Mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kikatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa katika parokia ya Soweto, Kayole. Mimbari ni mahali ambapo mmoja husema na wengine hawajibu. Anayeomba kura anastahili kusimama mahali ambapo anaweza kuulizwa swali.

Nani aamue

Kwa mujibu wa katiba, sekta na usultani ni vyombo vya kujitawala, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inavipa mabaraza yake ya kuchaguliwa. Hilo ndilo lingekuwa jukwaa la kuamua mambo ya soko na mwalo. Lakini tangu mwaka 2006 wapiga kura wa sekta hawajawahi kuitwa kuchagua baraza hilo. Mwaka 2023 madiwani walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo tu, kwa hiyo Baraka, ingawa ina hadhi ya mji, haikuwa na zamu. Watu wa Fizi wamechagua marais mara nne, na hawajapewa hata mara moja nafasi ya kuchagua wanaosimamia soko lao.

Nafasi hiyo tupu ndiyo wanayoingilia wagombea, na wakazi wenyewe wanaweza kuiziba. Wabembe wana desturi ya lubunga, kikao cha wazee kinachosikiliza mashauri ya kijiji. Kuna kamati za maji, kamati za wazazi shuleni, vyama vya wavuvi, vikundi vya akina mama na makanisa. Katiba, katika kifungu cha 207, inazipa mamlaka za kimila wajibu wa kukuza umoja wa taifa. Chifu anayeitisha kikao cha watu hawa wote, miezi sita kabla ya kampanye, hajaingilia siasa. Ametimiza wajibu huo.

Kikao hicho kikubaliane machache. Kwenye bomba, kituo cha afya, darasa na mgao wa msaada pasiwe na afishi, polo wala hotuba ya mgombea yeyote. Sokoni na mwaloni mgombea apite akisalimu na kuongea, lakini spika na mikutano viende uwanja wa mpira, kwa zamu iliyoandikwa, kila mgombea muda sawa. Ukuta mmoja utengwe kwa afishi za wote, wenye jina kubwa na wasio na jina. Kila mwenye nyumba awe huru kubandika amtakaye kwenye ukuta wake, na asiguswe kwa hilo. Anayetaka kutoa zawadi ya bomba au bati aitoe kabla au baada ya kampanye, bila jina lake kuandikwa juu. Makubaliano yaandikwe, yasomwe mbele ya wawakilishi wa vyama vyote, na kila jamii ya eneo iwe na mtu wake katika kuyasimamia, ili asitokee wa kusema kanuni zilitungwa dhidi yake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni madogo kwa nchi iliyoona Goma na Bukavu zikianguka mwanzoni mwa mwaka 2025, na kwamba mwenye bunduki hasomi makubaliano ya kamati ya maji. Ni kweli hasomi. Lakini makundi ya silaha yamekuwa yakipata vijana mahali ambapo jirani amekwisha kuaminishwa kwamba jirani yake amemnyang'anya maji, ardhi na soko. Kijiji ambacho watu wake wote bado wanateka maji kwenye bomba moja, bila kuulizwa wanampigia nani, kinawanyima wachochezi hoja yao kubwa.

Muhula wa miaka mitano unaelekeza uchaguzi ujao mwaka 2028. Muda upo. Kazi hii haihitaji fedha ya wafadhili wala ruhusa ya Kinshasa. Inahitaji watu wa Lweba, Baraka na vijiji vya jirani wakae chini kabla mgombea wa kwanza hajafika na mabunda yake ya polo, wakiwa na jibu moja la kumpa: karibu useme nasi, uwanja ule pale, na bomba ni la wote.